Hadithi au mchezo? Njooni Mchukwi mkaone wenyewe

Wiki mbili zilizopita, kijiweni kwetu hapa Dar, nusura watu washikane mashati. Si Simba na Yanga, si siasa, wala si deni. Ni gemu. Jamaa yangu mmoja, msomi mwenzangu tuliyemaliza naye chuo, alitoa hukumu kama jaji wa Mahakama ya Rufani: gemu isiyo na hadithi ni takataka, vidole tu vinafanya mazoezi. Akataja The Last of Us, akataja Red Dead Redemption 2, akasema alipomaliza alikaa gizani analia peke yake. Nikamwambia mimi pia niliwahi kulia, siku Nokia ya tochi ya mama ilipozima chaji wakati nyoka wangu ameshajaa kioo kizima. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akanijibu, "Wewe andika magazeti yako, gemu tuachie wenyewe."

Hapo ndipo aliponiudhi. Naandika basi. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mwenye hasira aanze kuzipanga: mchezo kwanza, hadithi baadaye. Tena kwa sisi tunaoota kwamba siku moja Waafrika Mashariki tutatengeneza gemu zetu, kugeuza mpangilio huo ni kujichimbia kaburi.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi Mbagala Rangi Tatu nikaenda zangu Mchukwi kusalimia. Kama hupajui, usijilaumu, magazeti yetu nayo hayapajui mpaka litokee jambo baya. Ni kata ya Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, sehemu ambayo zamani ilikuwa ndani ya Rufiji. Korosho, mihogo, minazi, watu wakarimu. Na siku hizi, banda la gemu.

Banda lenyewe ni la mabati. Ndani kuna TV mbili za kichogo, PlayStation 2 mbili ambazo umri wake unakaribia wangu, na benchi lililopinda kwa uzito wa watoto. Shilingi 500 nusu saa. Nilimkuta mpwa wangu, miaka 11, padi mkononi, nyuma yake washauri kama tisa wanapiga kelele kwa pamoja. Wanacheza GTA San Andreas, gemu iliyotoka mwaka 2004, kabla yeye hajawa hata wazo.

Sasa, San Andreas ina hadithi ndefu kuliko tamthilia ya Kifilipino. Watu wanaongea humo, wanatukanana, wanasalitiana, na vyote hivyo ni kwa Kiingereza cha mitaani cha California. Mpwa wangu Kiingereza chake kinaishia kwenye "good morning, teacher". Nikamuuliza, "Huyu jamaa ni nani?"

"CJ, anko."

"Anafanya nini hapa?"

"Amerudi nyumbani msibani. Mama yake amekufa. Ile anafika tu, polisi wakamnyang'anya hela zake wakamtupa mtaa wa maadui, akachukua baiskeli."

Jamani, ndivyo hadithi inavyoanza, neno kwa neno. Hakuna aliyemtafsiria. Aliona jeneza halipo lakini watu wana nyuso za msiba, aliona makaburi, aliona sare za polisi, kisha akapiga pedeli zile yeye mwenyewe kwa kidole gumba huku risasi zikimfuata. Yaliyobaki amejitungia: kuna mtu ni shemeji wa CJ, mwingine anamdai pesa ya shamba. Mwandishi wa gemu akisikia atazimia. Lakini mtoto yule ana hadithi, na ameipata kwa njia ya mikono.

Halafu ikaja misheni ya treni, ile ya kuifukuza kwa pikipiki huku mwenzako mnene nyuma anarusha risasi. Kama umewahi kuicheza, najua umeguna hapo ulipo. Alishindwa mara nne. Mara ya tano mmoja wa washauri, mtoto wa miaka kama minane hivi, akamwambia asikae karibu na treni, akae mbali kidogo upande wa kulia ili mnene apate shabaha. Akafaulu. Banda zima likalipuka kama goli la dakika ya tisini. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwa nini treni ile ilikuwa inafukuzwa.

Najua jamaa yangu atasema nini hapa. Atasema huo si ushahidi. Watoto hawajaikataa hadithi, wamefungiwa nje yake, kwa sababu imefungwa kwa lugha wasiyoijua. Na hapo, kwa haki, ana hoja. Hatuwezi kumfungia mtu mlango kisha tukasema hapendi kuingia. Isitoshe, Wabongo ni watu wa hadithi mpaka kwenye mifupa. Marehemu na walio hai waliosimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili, akina Lufufu, walijaza mabanda ya video kwa sauti tu. Watu walilipa kumsikiliza yeye kuliko kumtazama mwigizaji.

Nimekubali. Lakini tazama Lufufu alikuwa anafanyia kazi yake wapi. Kwenye sinema. Kwenye sinema wewe umekaa, mtu mwingine anafanya. Kwenye gemu unayefanya ni wewe. Ukimweka Lufufu nyuma ya mpwa wangu wakati anafukuza treni, mtoto atamwambia kwa adabu zote, "Shikamoo mzee, naomba usinichanganye."

Tuondoke bandani. Mita mia mbili kutoka pale, chini ya mwembe, wazee walikuwa wanacheza bao. Hapa hakuna kisingizio cha Kiingereza. Mashimo 32, safu nne, kete 64. Mnaanza kila mmoja ana kete 22 za kunamua, nyumba yako ina kete sita, na kuanzia hapo ni vita. Kuna kula, kuna kutakata, kuna kuamua kama utaivunja nyumba yako au utailinda, na kete zikiisha mkononi mnaingia mtaji ambako kosa moja linakumaliza. Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alikwenda Zanzibar kuwachunguza mabingwa wa bao, akaandika tasnifu ya udaktari Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995 kuhusu namna wanavyoweza kubeba hesabu zote zile kichwani. Mwalimu Nyerere, mtu aliyekuwa na nchi nzima ya kufikiria, alikuwa anapata muda wa kukaa mbele ya bao.

Sasa niambie, hadithi ya bao ni ipi? Mfalme ni nani? Adui ameteka binti wa nani? Hakuna. Pale pana mbao, komwe na kanuni. Na bado nilimkuta mzee mmoja anasimulia mechi aliyofungwa miaka mingi iliyopita na mtu ambaye ameshazikwa, anaonesha kwa kidole shimo ambalo angelianzia kama angejua. Hadithi ile ilikuwa nzuri kuliko filamu nyingi nilizolipia. Ila hakuikuta kwenye bao. Bao ndilo lililoizaa.

Hicho ndicho ninachogombania. Mchezo mzuri unazaa hadithi. Hadithi nzuri haizai mchezo.

Tazama mambo ya dunia kidogo. Tetris ya Alexey Pajitnov, iliyozaliwa Moscow mwaka 1984, haina hadithi hata ya kufunika kiganja. Mwaka 2023 walipotaka kuitengenezea filamu, ilibidi wasimulie ugomvi wa watu waliokuwa wakigombania haki za kuiuza. Yaani hata Hollywood ilitafuta hadithi ndani ya Tetris ikakosa, ikaenda kuitafuta nje, kwa wanasheria. Kwa upande wa pili, ile The Last of Us ya mwaka 2013 ambayo jamaa yangu anaililia, mwaka 2023 HBO waliichukua hadithi yake wakaiweka kwenye televisheni, na watu ambao hawajawahi kushika padi walilia vilevile. Hilo linaonesha nini? Linaonesha hadithi ile ingeweza kuhama nyumba ikaishi kwingine. Lakini ule woga wa kuhesabu risasi mbili zilizobaki huku unasikia hatua nyuma ya ukuta, huo haukuhama. Ulibaki kwenye gemu, kwa sababu ndio ulio gemu.

Au chukua Civilization IV ya mwaka 2005. Ile ukiifungua tu unasikia kwaya inaimba Kiswahili chetu, Baba Yetu, wimbo wa Christopher Tin ambao mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza wa gemu kupata Grammy. Gemu yenyewe haina mhusika, haina kisa kilichoandikwa. Unapewa ardhi, watu wachache na miaka elfu kadhaa, ujijue. Nimewahi kukesha mpaka adhana ya alfajiri nikipigania mji mmoja wa pwani ambao haupo duniani. Hakuna mwandishi aliyeniandikia mkesha ule.

Haya, sasa nifike kwenye hoja ngumu, maana mwenye kuandika ugomvi halafu akakwepa ngumi nzito huyo ni mwoga.

Hoja ngumu ni Resident Evil 5. Capcom waliitoa mwaka 2009. Inafanyika Kijuju, mahali pa kubuni barani Afrika, na maadui wanaokujia na mapanga wanaitwa Majini. Wanapiga kelele kwa lugha gani? Kiswahili. Lugha ya bibi yangu, lugha ya kuombea dua na ya kubembelezea mtoto, imewekwa midomoni mwa watu wenye vimelea ambao kazi yao ni kupigwa risasi. Malalamiko ya ubaguzi yalianza tangu vipande vya matangazo vilipooneshwa mwaka 2007. Na gemu ikauzwa mamilioni. Nimeicheza. Nitakuwa mnafiki nikisema haichezeki. Inachezeka sana, hasa mkiwa wawili.

Jamaa yangu atasema: umeona? Hadithi ina maana, hadithi inaweza kututukana. Ndiyo, ndugu yangu, inaweza. Sijasema popote kwamba hadithi haina maana. Jiulize tu tusi lile lilifikaje sebuleni kwa watu mamilioni. Lilibebwa na mchezo mtamu. Kama gemu ile ingekuwa mbovu kucheza, Kijuju ingekufa na wiki yake na tusi lake lingezikwa nalo. Watu wa Rufiji wanaelewa hili bila chuo kikuu: mzigo ni mzigo, lakini kinachovuka mto ni mtumbwi. Ukiwa na mtumbwi imara utavusha hata sumu. Ukiwa na mtumbwi unaovuja, pakia dhahabu yote ya Geita, utaipeleka kwa mamba.

Na sisi tunafanya nini? Tunapakia dhahabu. Kila kongamano la vijana na teknolojia utasikia wimbo uleule: "tusimulie hadithi zetu." Nani anayekataa? Lakini sijawahi kusikia mtu amesimama kwenye kipaza sauti akasema "tutengeneze mruko mtamu", au "tutafute kanuni tatu zitakazomfanya mtoto arudi kesho na shilingi 500 nyingine." Hilo halina picha nzuri ya kumtumia mfadhili.

Mfano mzito kuliko yote ni Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliitengeneza na studio yake kutokana na msiba wa baba yake. Kijana Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie Baba yake. Unaweza kuicheza na sauti za Kiswahili. Kwa Kiswahili, jamani! Nilipousikia nilisimama. Na heshima imepata, mwaka 2025 ilitwaa tuzo ya BAFTA ya gemu yenye maana zaidi ya burudani. Wengi walioichambua waliisifia hadithi na muziki, kisha wakasema uchezaji wake ni wa kawaida, wameshauona kwingine. Mwaka huohuo wa 2024, ambao ulikuwa mbaya kwa studio nyingi duniani, studio ile nayo ilipunguza wafanyakazi.

Siiponi Kenzera. Naipenda. Lakini nitakuambia kinachoniuma. Inataka PlayStation 5, au Xbox ya kisasa, au Switch, au kompyuta nzuri. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 19.99, takriban shilingi 50,000. Ni saa 50 za banda la Mchukwi. Hadithi yetu, kwa lugha yetu, imekaa kwenye mashine ambayo mtoto wetu hajaiona. Wakati huohuo San Andreas, ambayo hadithi yake si yetu na lugha yake si yetu, ipo pale kwenye mabati, inachezwa na mikono kumi kwa zamu, kwa sababu inachezeka hata ukiondoa maneno yote.

Sasa nitubu, maana nimewasema wengine vya kutosha.

Mwaka jana mimi na marafiki wawili tuliamua kutengeneza gemu ya simu. Mimi mwandishi, mmoja anajua programu, mwingine anachora. Kisa tulikuwa nacho, cha kweli, cha hukuhuku kwetu: manowari ya Kijerumani Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikarudi kujificha kwenye delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, imefunikwa matawi ya miti. Waingereza waliitafuta kwa miezi, wakaiteka Mafia, wakaleta ndege, na hatimaye tarehe 11 Julai 1915 ikaishia palepale mtoni. Nani ana kisa kama hicho? Niliandika kurasa 80. Wahusika 14. Mazungumzo yenye methali. Nilijiona mimi ndiye Shaaban Robert wa gemu.

Tulipopata toleo la majaribio, nilimpelekea mpwa wangu, uleule mwembe, simu mkononi. Maneno yakaanza kutiririka kwenye kioo, kwa Kiswahili fasaha, nilichokiandika mimi kwa usiku mwingi. Lugha anaijua. Mlango uko wazi. Akagusa kioo kuyaruka. Akagusa tena. Akagusa tena. Kisha mtumbwi ukatokea, akausogeza kushoto, akausogeza kulia, akanitazama.

"Anko, hapa nafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Kurasa 80, na sikuwa na jibu la swali la maneno matatu.

Nikazima simu, nikaanza kumweleza kwa mdomo: palikuwa na meli kubwa, imejificha mikokoni kulekule upande wa Salale, imejifunika majani, na watu wanaitafuta hawaioni, na ikikohoa moshi tu imekwisha. Macho yakamtoka. Akanikatiza. "Kumbe ni kombolela!"

Kombolela. Mmoja anajificha, mmoja anatafuta. Mchezo ambao kila mtoto wa nchi hii ameucheza kabla ya kujua kusoma. Miezi saba tulikuwa tunaandika kisa cha meli inayojificha, na hatukuwahi kumpa mchezaji nafasi ya kujificha. Akachukua kijiti akachora mito mchangani, akaniambia, "Wewe uwe Mwingereza, mimi meli." Tukacheza mpaka magharibi. Alinishinda.

Kwa hiyo, jamaa yangu wa kijiweni, mimi nimerudi Dar na kurasa zangu 80 nimeziweka kabatini. Sijazichana. Zitapata nafasi yake mtumbwi ukishaelea. Tumeanza upya na kijiti na mchanga, na kila Jumamosi nitakayopata nauli, nitapeleka tulichonacho Mchukwi. Siku mtoto atakapoacha kuniuliza anafanya nini na kuanza kuniuliza "halafu meli ikawaje?", hapo nitajua wakati wa hadithi umefika.

Mwenye hoja aje nayo. Mwenye matusi naye aje, ila apitie kwanza ile misheni ya treni.